Ruhuka wa Buni: Umbo Lake na Lugha ya Kulielezea

Wakulima wa kahawa wa Thika na Ruiru wana adui asiyetimia milimita 2. Huyo ni ruhuka, mbawakawa aitwaye kisayansi Hypothenemus hampei. Hata mbuni wa Ruiru 11, uliotolewa mwaka 1985, ulikusudiwa kukinza chulebuni na kutu ya majani, si mdudu huyu.

Mwili wake una kichwa, kidari na fumbatio. Kichwa hakionekani kwa urahisi. Kimeinama chini ya kidari, mithili ya mtu aliyevuta kofia hadi machoni. Vipapasio huishia kwa kirungu. Mabawa ya juu ni magumu, yana vinyweleo, nayo ni ala ya yale laini ya kurukia. Neno ala, lililozoeleka kwa upanga na jambia, lafaa hapa kuliko istilahi ya kukopa.

Maelezo mengi huteleza kwenye mabawa hayo. Ngeli ya A-WA haibagui jinsia, hivyo sentensi "ruhuka huruka na kutoboa buni" ni sanifu, lakini yaficha jambo. Mabawa ya kurukia ya dume yamedumaa. Huzaliwa ndani ya tunda, hupandana humo na dada zake, na kwa kawaida hufia humo. Atoboaye ni jike, aghalabu kwenye kitovu cha tunda. Basi iandikwe "ruhuka jike", mkulima apate kuelewa kwa nini buni zilizosalia mtini na chini baada ya mavuno hazina budi kuokotwa: majike hujihifadhi humo wakingoja matunda mapya.