TAKA ZIKITENGANISHWA NI MALI



Somo letu la leo linahusu taka. Huenda utauliza, "Taka nazo zina somo gani? Si hutupwa tu?" Ndiyo, hutupwa. Lakini taka ikitupwa haiondoki duniani. Hubaki pale pale, au huenda kwa jirani, au huteremka na mvua mpaka mtoni.

Tutaangalia kwanza vyuo vikuu vinavyofanya kazi hii. Kisha tutarudi kwetu Kichiwa, tuone lipi linatufaa.

CHUO KIKUU NI KAMA KIJIJI

Kwa nini tuanzie chuo kikuu? Kwa sababu chuo kikuu ni kama kijiji kikubwa. Kuna maelfu ya watu wanaokula, kulala na kufanya kazi mahali pamoja. Jikoni hutoka maganda na makombo. Ofisini hutoka karatasi. Mabwenini hutoka chupa na makopo. Vyote hivyo vikitiwa katika pipa moja, makombo hulowesha karatasi, vioo huvunjika ndani yake, na kila kitu hunuka. Hakuna atakayenunua uchafu huo. Lakini vitu hivyo hivyo vikitengwa mapema, karatasi ni mali, chupa ni mali, na makombo ni mbolea.

Nchini Marekani, katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, wanafunzi wa chuo kikuu walianzisha mpango wao wa kukusanya vitu vinavyoweza kutengenezwa upya mwaka 1976. Baadaye, mwaka 2001, vyuo vikuu viwili vya jimbo la Ohio vilianza kushindana. Kila kimoja kilipima kwa mizani vitu vilivyokusanywa, kisha kikagawanya uzito huo kwa idadi ya watu wake. Mashindano hayo yalikua, na baada ya miaka kadhaa mamia ya vyuo vilishiriki.

Tunajifunza nini hapo? Mambo 3.

Kwanza, taka hutenganishwa na yule anayeitupa, tena papo hapo. Zikishachanganyika, kuzichambua ni kazi chafu na ya hatari.

Pili, kabla ya kuweka pipa, ni lazima kujua vitu vya pipa hilo vitakwenda wapi. Ukiweka mapipa 3 mazuri, halafu mzoaji akayamwaga yote katika mkokoteni mmoja, watu wataona. Kesho yake hakuna atakayejisumbua kutenganisha.

Tatu, wanapima, wanaandika na kutangaza. Mtu akiona matunda ya kazi yake, hachoki.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wengine watasema mambo haya ni ya Wazungu. Sivyo. Hebu fikiria chupa ya soda ya kioo. Ukishakunywa, dukani wanaitaka chupa yao. Inarudi kwenye kreti, inakwenda kiwandani, inaoshwa na kujazwa tena. Hatuitupi, kwa sababu kila mtu anajua ina thamani na anajua inakorudi. Huo ndio utaratibu tunaouzungumzia.

Tena tumewahi kuifanya kazi ya usafi kwa pamoja. Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Na katika miaka hii ya karibuni, kata ya Bonyokwa jijini Dar es Salaam, wananchi pamoja na shirika la Nipe Fagio walianzisha utaratibu wa kutenganisha taka nyumbani, kisha kuzikusanya nyumba kwa nyumba.

MAFUNGU 4 YA TAKA ZETU

Sasa turudi Kichiwa. Taka zetu tunaweza kuzigawa katika mafungu 4.

Fungu la 1: Taka zinazooza. Hizi ni maganda ya viazi, majani, mabua na makombo. Taka nyingi za shambani na jikoni ni za fungu hili. Hizi zisiuzwe wala zisichomwe. Tuzifanye mboji.

Chagua mahali penye kivuli. Tandika mabua makavu yaliyokatwakatwa. Juu yake weka majani mabichi na maganda, kisha samadi, kisha udongo kidogo. Nyunyiza maji. Rudia mpaka lundo lifike kimo cha mita 1 hivi. Lifunike kwa majani makavu. Choma kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe na ukishike. Kikiwa na joto, mboji inaendelea vizuri. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Lundo likinuka, maji yamezidi. Ligeuze lipate hewa. Geuza lundo kila baada ya wiki 3 hivi. Kwetu Njombe kuna baridi, basi tusiwe na haraka. Mboji huweza kuchukua miezi 3 au zaidi.

Angalia jambo moja: viazi vilivyonyauka kwa ugonjwa, au mashina yenye baka, usitie katika mboji. Utaurudisha ugonjwa shambani kwa mikono yako mwenyewe.

Fungu la 2: Taka zinazouzika. Hizi ni vyuma chakavu, makopo ya bati, chupa za plastiki za maji na soda, karatasi na maboksi. Zisichanganywe na makombo, na zikae pakavu. Kumbuka karatasi hutokana na miti. Majirani zetu wa Mufindi wanajua, kwani kiwanda cha karatasi kilijengwa Mgololo ili kitumie miti ya huko.

Fungu la 3: Vitu vya kutumia tena nyumbani. Hivi ni madebe, viroba na chupa nzima za kioo. Kiroba kilichotoboka huweza kujazwa udongo kikapandwa mboga.

Fungu la 4: Taka za hatari. Hizi ni chupa na madumu ya dawa za mimea, betri za tochi, vioo vilivyovunjika, sindano na nyembe.

Hapa jamani tusikilizane vizuri. Dumu lililokuwa na dawa ya viazi au ya nyanya lisitumike kamwe kwa maji ya kunywa, wala mafuta ya kula, wala ulanzi. Hata ukiliosha mara 10, sumu huweza kubaki katika plastiki. Dawa ikiisha, suuza dumu mara 3, na maji hayo uyamimine katika bomba la kupulizia, uyatumie shambani. Kisha litoboe ili mtu mwingine asilichukue. Liweke mbali na watoto, na umwulize afisa ugani mahali pa kulipeleka. Betri nazo zisitupwe chooni wala kwenye mboji. Ziwekwe katika kopo lenye kifuniko.

TUSIWASHE MOTO KWA PLASTIKI

Huku kwetu asubuhi ni baridi, na kuni wakati mwingine ni mbichi. Wengine huwasha jiko kwa kipande cha plastiki kwa kuwa hushika moto upesi. Moshi wake una sumu. Mama anayepika anauvuta, na mtoto aliye mgongoni anauvuta vile vile. Afadhali kuwasha kwa magunzi makavu au maganda ya mti.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyozoea kuiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini plastiki nyingine bado zipo, na ng'ombe akizila huziba tumbo lake. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa namna hiyo hahitaji somo jingine.

TUFANYE HESABU

Je, taka zitatutajirisha? Tusidanganyane. Tupige hesabu kwanza.

Chupa tupu ya plastiki ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi. Kilo 1 ni gramu 1,000. Basi, ili kupata kilo 1 zinahitajika chupa 50 hadi 100.

Tuseme mnunuzi wa Makambako anatoa shilingi 300 kwa kilo, na kusafirisha mzigo ni shilingi 5,000. Hizi ni bei za mfano tu.

Ukipeleka kilo 10: 10 x 300 = 3,000. Toa nauli 5,000. Umepata hasara ya shilingi 2,000.

Ukipeleka kilo 60: 60 x 300 = 18,000. Toa nauli 5,000. Unabaki na shilingi 13,000.

Lakini kilo 60 ni chupa 3,000 au zaidi! Kaya moja haiziwezi. Basi njia ni kuungana: vitongoji, maduka na shule ziweke mzigo mahali pamoja, na gari liitwe mzigo ukitosha. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia imepita pale, na ndipo inapoanzia barabara ya Njombe na Songea. Tuulizie wanunuzi huko mapema, kabla ya kuanza kukusanya.

Faida kubwa zaidi haimo katika shilingi 13,000 hizo. Imo katika mboji inayotupunguzia gharama za mbolea, katika ng'ombe aliye hai, na katika mtoto ambaye hakunywa sumu. Hizo nazo ni mali.

TUANZEJE?

1. Suala lipelekwe katika mkutano wa kijiji, lijadiliwe na wote, wanawake kwa wanaume.
2. Ichaguliwe kamati ndogo. Mmoja awe mtunza daftari. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, kazi hiyo inakufaa!
3. Wanunuzi watafutwe, na bei iandikwe.
4. Lipatikane banda lisilovuja. Kila fungu liwe na mahali pake.
5. Kila mzigo upimwe na kuandikwa: tarehe, aina, kilo, fedha.
6. Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya watu. Fedha za wote zisizosomwa hadharani huzaa ugomvi.
7. Vitongoji vishindane, kama vile vyuo vya Ohio. Uzito ugawanywe kwa idadi ya kaya, ili kitongoji kidogo nacho kiweze kushinda.

Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Tuanze na nyumba zetu. Leo jioni, maganda yawekwe pembeni, chupa zitengwe, na dumu la dawa litobolewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini taka zitenganishwe kabla ya kuchanganyika?
2. Nyumbani kwako madumu ya dawa huwekwa wapi? Je, mtoto anaweza kuyafikia?
3. Kwa bei za mfano wetu, kilo 25 zitaleta shilingi ngapi baada ya kutoa nauli?
4. Katika kitongoji chenu, banda la kuhifadhia taka zinazouzika liwe wapi, na nani ashike daftari?