Somo: Mgongo Unaokakamaa



Katika Injili ya Luka, sura ya 13, twasoma habari za mwanamke aliyekuwa amepindana muda wa miaka 18, asiweze kujinyosha. Yesu hakumwuliza alitenda dhambi gani. Alimwita binti wa Ibrahimu, akamwekea mikono. Waganga wengi wakisoma habari ile hukumbuka ugonjwa wa uti wa mgongo ambao leo huitwa spondilatriti ankilozanti. Ndio tutakaojifunza.

Palikuwa na kijana mmoja wa pande zetu za Kashuga, msukuma chukudu, mwenye kupeleka makala sokoni. Kila asubuhi hakuweza kuinama kufunga viatu vyake. Jua likipanda, akiisha kutembea, alifanya kazi sawa na wenzake. Baba yake akamwita mvivu. Majirani wakasema amerogwa. Lakini ile ndiyo desturi yenyewe ya ugonjwa huu! Mgongo uliochoka kwa mzigo hupata nafuu ukilala. Mgongo wenye ugonjwa huu huumia ukilala, tena humwamsha mtu kabla ya mapambazuko. Hupata nafuu ukitembezwa.

Basi jipime. Je, maumivu yalianza polepole, kabla hujafika miaka 45? Yamepita miezi 3? Yako chini ya kiuno na ndani ya matako, pengine leo kuume, kesho kushoto? Asubuhi mwili hukakamaa zaidi ya nusu saa? Ukijibu ndiyo, njoo hospitalini, wala usingoje mgongo upindane. Mifupa ikiisha kuungana, hakuna dawa ya kuitenganisha.

Mganga hatakupa dawa mara moja, nawe usikasirike. Kwetu ugonjwa huu si wa wengi, na yako mengine yanayofanana nao. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo: mtu hukonda, hutoka jasho usiku, nundu huota mgongoni, na miguu hulegea. Miguu ikilegea, aletwe siku ile ile. Tena Masisi ni nchi ya ng'ombe, na maziwa mabichi huleta brusela, yenye homa na maumivu ya nyonga. (Maziwa yachemshwe. Nimelisema mara nyingi, nitalisema tena.) Pia utaombwa upimwe virusi vya ukimwi, kwa maana waganga wa Zambia wameona magonjwa ya viungo ya jamii hii kwa watu wenye virusi hivyo. Usidhani unashutumiwa.

Kuna kipimo cha damu kiitwacho HLA-B27, kilichojulikana kuhusiana na ugonjwa huu mwaka 1973. Huko Ulaya husaidia sana. Katika Afrika ya kati ni wachache wenye alama hiyo, na wagonjwa wetu wengi hawana. Kwa hiyo usiuze mbuzi kwa ajili ya kipimo hicho.

Sasa matibabu ya kwanza. Ni mawili, nayo huenda pamoja: mazoezi na vidonge vya kutuliza uvimbe.

Mazoezi ni bure, ndiyo maana watu huyadharau. Lala kifudifudi asubuhi na jioni, kama dakika 15, hata ikiwa ni juu ya mkeka ndani ya hema la kambi. Simama ukiegemea ukuta, visigino, matako na kisogo viuguse. Vuta pumzi mpaka mbavu zipanuke, kwa maana ugonjwa huu hufunga kifua pia. Usiku lala mahali pagumu palipo sawa, na mto uwe mwembamba. Tumbako iachwe kabisa, kwa kuwa huharakisha madhara ya mgongo. Wala mtu asikukanyage mgongo au kukuvuta shingo: uti uliokakamaa huvunjika upesi.

Vidonge ni kama ibuprofeni, mara nyingi miligramu 400 mara 3 kwa siku, au diklofenaki, au naproksini. Mganga huchagua kimoja. Humezwa baada ya chakula, kila siku, kwa majuma 2 mpaka 4, kabla ya kusema kwamba hakifai. Wengi humeza siku mbili, wakiona nafuu huacha, kisha hulalamika. Cha kwanza kikishindwa, hujaribiwa cha pili; lakini viwili havimezwi pamoja kamwe. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, au mwenye mimba, aseme kwanza. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha vidonge, njoo upesi.

Mpendwa, jihadhari na sindano za deksametasoni na vidonge vya prednisoloni vinavyouzwa sokoni. Utapata usingizi mtamu usiku wa kwanza. Lakini vikitumiwa muda mrefu havitibu mgongo huu. Huongeza sukari ya damu na kudhoofisha mifupa. Tusicheke wa sokoni peke yao: hata wenye elimu walikosea. Zamani waganga wa Ulaya waliichoma migongo hii kwa miali ya eksirei, mpaka mwaka 1957 Court Brown na Doll wa Uingereza walipoonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wale walipata saratani ya damu.

Mazoezi na vidonge visipotosha, ziko dawa za nguvu, kama adalimumabu, zenye bei kubwa. Hizo huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, kwa hiyo hutanguliwa na vipimo. Sulfasalazini husaidia magoti na vifundo vilivyovimba, si mgongo.

Kijana yule wa chukudu alianza kwa mkeka na ibuprofeni. Siku ya tatu baba yake alimkuta amelala kifudifudi mchana, akataka kumpiga. Tulimwita baba, tukamweleza. Tangu hapo yeye mwenyewe humwamsha mwanawe kwa mazoezi.

Jambo la mwisho ni macho. Jicho moja likiwa jekundu, likiuma na kuchukia mwanga, usitie maji ya majani wala maziwa ya mama. Njoo siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni Jumapili. Ukilazimika kukimbia vita, funga karatasi ya dawa ndani ya plastiki, uivae shingoni.