Kabla ya Mshenga Kubisha Hodi

Kwetu Tanzania kijana huposa mara mbili. Mara ya kwanza anamwuliza binti mwenyewe, wakiwa wawili. Mara ya pili wazee wake wanabeba barua hadi kwa wazazi wa binti. Posa hii ya pili kila ukoo unaijua, na haikosi mzee wa kukuelekeza. Ile ya kwanza vijana wengi wanajifunza kwenye simu: mishumaa, maua ya waridi, goti chini, marafiki wamejificha na kamera. Sina ugomvi na mishumaa. Nina neno kuhusu yale yanayopaswa kufanyika kabla haijawashwa.

Jibu ulijue kabla hujauliza. Mshtukize kwa siku, kwa mahali, kwa namna. Jambo lenyewe lisiwe geni masikioni mwake. Miezi kadhaa kabla, kaeni mzungumze kwa utulivu: anajiona akiolewa lini, kama dini zenu ni mbili mtafungia wapi ndoa, kazi ikimhamishia mkoa mwingine itakuwaje, nani ana madeni, nani anasomesha wadogo zake. Mazungumzo hayo yakikwepwa kila yanapoanza, usitegemee pete iyalete.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nakula chakula cha jioni na mume wangu kwenye hoteli moja ya ufukweni, Dar es Salaam. Ghafla muziki ukazimwa, kijana wa meza ya jirani akapiga goti, simu zikanyanyuka pande zote. Binti alikuwa bado ameshika uma wenye kipande cha samaki. Akasema ndiyo, watu wakashangilia. Muda si mrefu nikamkuta maliwatoni, bomba limefunguliwa, anahangaika kuvua pete iliyokwama kwenye kifundo cha kidole. Nilimsaidia kwa sabuni. “Dada, ningemwaibishaje mbele za watu wote wale?” aliniambia. Sikumwuliza zaidi.

Tangu siku ile nasema bila kuficha: usimwulize mwenzako hadharani mpaka yeye mwenyewe awe amekuonyesha kwamba anapenda mambo ya hadharani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na hiari ya mtu aliyezungukwa na kamera ni ndogo mno. Mwulize mkiwa wawili. Kama unataka shangwe, waite ndugu na marafiki saa moja baadaye, jibu likiwa tayari.

Kuna nyumba ambazo baba hatapenda kusikia binti yake kavishwa pete na mtu ambaye hajaleta barua. Familia nyingi za Kiislamu hutaka habari ianzie kwa walii. Kwa hiyo tafuta mtu mmoja wa kwao, dada yake au shangazi, umweleze nia yako na umwulize utaratibu wa nyumbani. Chagua mwenye kutunza siri. Huyo huyo atakusaidia kujua kama binti anapenda dhahabu ya njano au nyeupe, na kama huvaa pete kabisa.

Kipimo cha kidole kinawasumbua wengi. Njia rahisi ni kuazima pete anayoivaa kidole kile kile, uigandamize kwenye kipande cha sabuni, umpelekee sonara alama hiyo. Ukipata nafasi ya kumpima kwa uzi, uzi upite pia juu ya kifundo, maana hapo ndipo pete hukwama. Kumbuka vidole huvimba kidogo wakati wa joto. Ndani ya pete tafuta mhuri: 375 ni dhahabu ya karati 9, 750 ni karati 18, yaani robo tatu yake ni dhahabu halisi. Dai risiti iliyoandikwa uzito kwa gramu na karati, na ukubaliane na sonara mapema kuhusu gharama ya kupanua au kupunguza.

Wengi hutamani tanzanaiti, na mimi ninaipenda sana kwa kuwa ni ya kwetu, inachimbwa Mererani peke yake duniani. Lakini ijue tabia yake. Almasi ina ugumu wa 10 kwenye kipimo cha vito. Tanzanaiti ina kati ya 6 na 7, na chembe za mchanga wa kawaida zinaweza kuikwaruza. Mwanamke anayefua, anayesugua masufuria na kukanda unga kila siku ataichakaza haraka. Ukiitaka kwenye pete, mwambie sonara aizungushie ukingo wa dhahabu, na mwenzako awe anaivua akiingia jikoni. La sivyo, mnunulie hereni au kidani, pete iwe ya dhahabu tupu. Usikope kwa ajili ya pete. Mahari, send-off na harusi vinakusubiri mbele.

Kuhusu mahali, nimeona vijana wakimpeleka mtu Coco Beach kusubiri jua lizame baharini. Pwani ya Dar es Salaam inatazama mashariki. Jua linazama nyuma yenu, juu ya mapaa. Baharini utaliona likichomoza. La kuzama lifuateni Forodhani, Unguja, au Mwanza, kwenye miamba ya ziwani. Pwani hii jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni kulingana na mwezi, na giza halichelewi, dakika ishirini tu na uso wa mtu humwoni vizuri. Waulize wavuvi kama ni bamvua au maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvua ufukwe uliouchagua asubuhi unaweza kuwa chini ya maji jioni. Kati ya Machi na Mei ni masika, uwe na sehemu yenye paa. Ila kama mahali mlipofahamiana ni kituo cha daladala au kibanda cha chipsi, mimi ningerudi pale pale.

Akikubali, usiikawize barua. Mtafute mshenga, mtu mzima mwenye heshima na ulimi mzuri. Barua hupelekwa imefungwa kwenye kitambaa au imelazwa kwenye sinia, pamoja na kishika uchumba. Katika nyumba nyingi binti huitwa sebuleni, shangazi kamshika mkono, na kuulizwa: “Wageni hawa unawafahamu?” Hapo ndipo utakapoona faida ya kumwuliza peke yake kwanza, kwa kuwa anajibu bila kutetemeka. Majibu yatakuja na orodha: mahari, mkaja wa mama, blanketi la bibi. Muwe mmeshazungumza wawili kuhusu uwezo wenu. Kisheria ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa, na taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa siku 21 kabla ya ndoa. Uchumba ukivunjika, mahakama inaweza kuamuru kurudishwa kwa zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa, na kufidia gharama halisi za maandalizi.

Akisema bado, simama, kaa naye, mmalizie chakula chenu. Usimwulize sababu usiku ule, na usiwaambie marafiki kabla hamjazungumza tena.

Akisema ndiyo, kabla picha yoyote haijapanda status, mpe simu ampigie mama yake. Asije akaipata habari kwa jirani. Na kama mama ana kawaida ya kulala saa tatu, basi goti lipigwe mapema, jua likiwa bado juu.