SOMO LA MAZINGIRA: SANGE WA VICHAKANI SI PANYA



Tunapotembelea vikundi vya mazingira Mpapura na vijiji vya jirani, swali moja hurudi mara kwa mara: yule "panya" mkubwa mwenye pua kama mkonga, anayekimbia mchana kwenye majani makavu, ni mnyama gani, na ana faida gani hata kichaka kiachwe kwa ajili yake?

Huyo ni sange. Kwingine huitwa njule. Si panya. Panya hula nafaka na mihogo, lakini sange hana haja na muhogo wa mtu. Yeye hufukua kwa pua mchwa, sisimizi, mbawakawa, majongoo na buibui. Wataalamu wa vinasaba wameona kuwa ukoo wake uko karibu na tembo, nguva, muhanga na wibari, yule anayetajwa katika Mithali sura ya 30 miongoni mwa wadogo wenye akili. (Pua yenyewe, hata hivyo, haikutokana na undugu na tembo.)

Jina lake la kisayansi ni Rhynchocyon cirnei, alilopewa na Wilhelm Peters mwaka 1847 kutokana na mnyama wa Msumbiji. Sange wa upande wetu wa Ruvuma huwa weusi zaidi karibu na bahari. Kadiri unavyokwenda bara rangi hugeuka kuwa nyekundu ya kutu yenye madoa.

Jambo kubwa la kufahamu ni nyumba yake. Sange hachimbi shimo refu kama buku. Huparua udongo kidogo, hutandika majani makavu na kujifunika kwa rundo la majani, akalala humo usiku. Huwa na viota kadhaa na huvibadilisha. Dume na jike hushirikiana eneo moja na kulilinda, ingawa kila mmoja hulala peke yake. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kila mara, wakati panya huzaa wengi kwa mpigo.

Basi moto ukipita chini ya miti, hata kama miti yenyewe imepona, sange amepoteza kitanda, chakula na maficho kwa siku moja. Wanaobaki huwa rahisi kwa mbwa na nyavu za wawindaji, na kwa kuzaa mtoto mmoja mmoja hawarudi upesi.

Ndugu zake wametangulia kwenye hatari. Sange wa Arabuko-Sokoke, Kenya, yumo katika orodha ya IUCN ya wanyama walio hatarini kutoweka. Yule wa milima ya Udzungwa, aliyenaswa na kamera mwaka 2005 na kutangazwa kwa sayansi mwaka 2008, anahesabiwa kuwa dhaifu kwa sababu anaishi katika misitu miwili tu. Sange wetu hayumo katika makundi hayo. Lakini orodha hiyo hupima eneo lote, zikiwemo Msumbiji, Malawi na kwetu. Kichaka cha Mpapura kikiteketea, sange wa Mpapura wamekwisha, hata kama Malawi wapo.

Baadhi ya wafadhili hutuuliza kwa nini tunasisitiza kulinda kichaka kilichopo badala ya kupanda miche. Miche tunapanda. Ila shamba jipya la miti ya aina moja halina zulia la majani mchanganyiko yenye wadudu. Zulia hilo hujengwa kwa miaka mingi. Kwa maoni yetu, ekari moja ya kichaka kizee ina thamani kuliko kitalu kizima.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Kwa maeneo ya kanisa hatuna haja ya kusubiri. Tunaomba kila kamati, kabla ya kuruhusu ufyekaji wa mikorosho mipya au tanuri la mkaa, itembee ndani ya kichaka asubuhi. Tafuteni vishimo vidogo vilivyochongoka kwenye majani, na marundo ya majani yasiyo ya kawaida. Sikilizeni pia mkia ukipiga majani: ndivyo sange anavyotoa taarifa kwamba amewaona. Mkivikuta, wekeni alama mipakani na mfyeke njia ya moto mara masika yanapokwisha, kabla majirani hawajaanza kuchoma mashamba, kisha mpeleke taarifa kwa serikali ya kijiji.