Bwana Kinoo katika "Kinjeketile"

Wanafunzi wengi, wakiulizwa Bwana Kinoo ni ishara ya nini katika mchezo wa Ebrahim Hussein, "Kinjeketile" (1969), hujibu "udhalimu", kisha huweka kalamu chini. Jibu hilo si baya, ila ni fupi mno. Natulitazame jina lenyewe.

Kinoo ni jiwe la kunolea visu. Mjerumani huyu asimamia shamba ambalo watu hulimishwa pamba kwa nguvu, na askari wanaotimiza amri zake ni Waafrika wenzao. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilianzia Umatumbi kwa sababu ya mashamba ya namna hiyo. (Msomaji wa Gashonga asidhani ni habari za mbali: Rwanda nayo ilikuwa katika koloni hilo hilo mpaka 1916.)

Sasa, jiwe halifui kisu. Hukikuta kimekwisha fuliwa. Watu wana hasira zamani, lakini makabila yao yatiliana shaka. Hofu ya adui mmoja yawasogeza pamoja hata kabla ya maji. Kwa hiyo naona mwandishi amempa Kinoo kazi mbili: awatesa watu, na pasipo kukusudia awanoa.

Lakini kisu kikali si bunduki, na vita vyashindwa. Gerezani Kinjeketile atakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akataa. Hapo kiboko hakitoshi tena: mshindi ahitaji neno la mfungwa wake, wala halipati.