Darsa la siku ya 26: Meza ya Idi, nani atakaa?



Ndugu zangu katika imani, jana baada ya alasiri nilipita Mtaa wa Kongo kumtafutia mwanangu kofia ya Idi, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Watu wananunua seti za sahani, glasi, vitambaa vya meza, maua ya plastiki. Sisemi ni vibaya. Idi ni siku ya furaha, na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abubakari awaache wasichana waimbe nyumbani kwake kwa sababu ilikuwa Idi. Pamba nyumba yako.

Ila nina swali moja. Hiyo meza unayoiandaa kwa chakula cha mchana, umeshahesabu nani atakaa?

Nijiseme mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilinunua meza ya viti sita. Nyumba yetu hapa Mchikichini ni ya Kiswahili kama nyingi mnazozijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko uani, wapangaji kila chumba. Mimi nimekulia kwenye mkeka na sinia, sasa nikajiona nimepiga hatua. Siku ya Idi tumerudi kuswali, pilau mezani, kachumbari, ndizi mbivu, juisi ya ukwaju. Mimi, mama yangu, mke wangu, shemeji zangu wawili na mwanangu. Viti vimejaa.

Mtoto akauliza, "Baba, dada mbona hakai?"

Nikamjibu viti vimeisha. Akanyamaza, akaendelea kula. Nilipotoka uani kunawa, nikamkuta dada wa kazi ameketi kwenye kibao, sufuria mapajani, anakwangua ukoko. Huyu ndiye aliyeamka kabla ya alfajiri kukaanga vitunguu na kuchemsha nyama. Na mimi, wiki moja tu kabla, nilikuwa nimesomesha msikitini ile hadithi ya mtumishi.

Hadithi yenyewe imo katika Bukhari na Muslim, na maana yake ni kwamba mtumishi wako akikuletea chakula, mkalishe ule naye, na kama hukumkalisha basi mpe walau tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto na moshi wake. Angalia mpangilio hapo. Linaloanza ni kumkalisha. Tonge ni kile kiwango cha chini kabisa, na linatoka kwenye chakula chako wewe, si kwenye kilichogandia chini ya sufuria. Mimi hata hicho cha chini sikukifikia.

Mtu ataniambia, "Shehe, dada mwenyewe anaona aibu kukaa na wageni." Kweli anaona aibu. Lakini umemwita mara ngapi? Ukimwita mara moja ukiwa umeshamega tonge, hiyo ni salamu tu. Mama wa nyumba amshike mkono, amkalishe na wanawake wenzake. Akikataa kabisa, basi mpakulie mapema, kabla wageni hawajagusa, na nyama yake juu, umfunikie kwa kawa. Asiwe wa kusubiri kitakachobaki.

Na watoto je? Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto mdogo akilelewa nyumbani kwa Mtume, mkono wake ukizunguka sahani nzima. Hakufukuzwa aende kula nje na wenzake. Alifundishwa pale pale: taja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Adabu ile aliipata kwa sababu alikuwa amekaa kwenye sahani moja na mkubwa wake.

Meza si haramu, nisieleweke vibaya. Shida ya meza ni kwamba ina hesabu. Kiti cha saba hakipo. Sinia akija mtu watu wanasogea, ndiyo ile hadithi ya chakula cha wawili kuwatosha watatu. Kwa hiyo mwaka uliofuata tulitandika mkeka ukumbini, masinia mawili, la wanaume na la wanawake. Meza tukaiweka pembeni, ikabeba juisi na matunda. Mama yangu alifurahi, kumbe miaka yote ile kiti kilikuwa kinamuumiza mgongo.

Jambo la majirani nalo. Jiko likiwa uani, harufu ya pilau inaingia kila chumba. Mtume alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi aongeze maji, awaangalie jirani zake. Na jirani Mkristo naye ana haki yake. Abdullah bin Amr, siku alipochinjiwa kondoo nyumbani, aliuliza kama jirani yao Myahudi ameshapelekewa. Basi ipangie mapema sahani ya chumba cha pili, usingoje kuona kama pilau litabaki.

Yule dada ameshaolewa, yuko kwao Rufiji. Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Akacheka, akasema hata hakumbuki.

Kabla ya seti ya sahani, tusisahau zakatul-fitri. Ni pishi moja kwa kila kichwa, mdogo na mkubwa, tunakadiria kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele au unga, mle mnachokula nyumbani. Itolewe kabla ya swala ya Idi. Ukiitoa baada ya swala inakuwa sadaka ya kawaida. Kuna nyumba humu humu mtaani ambayo mchele wake wa Idi ni huo wako. Wenye nao waanze kuuleta msikitini kesho baada ya alasiri, kwenye mifuko mizima, maana mwaka jana ulimwagika sana.

Leo usiku ni wa 27. Maduka ya Kongo yatakuwepo keshokutwa pia. Tukutane tarawehe, inshallah.

Wassalaam alaykum.