SOMO LETU: TUJIANDAE KWENDA KOMORO

Leo tunajifunza kupanga safari. Chukueni daftari na kalamu.

Tunakwenda Komoro, nchi ndogo ya visiwa katika Bahari ya Hindi. Iko kati ya Msumbiji na Madagaska. Wenzetu wengine huenda huko kwa biashara, wengine kuona ndugu.

NCHI YENYEWE
Komoro ilipata uhuru mwaka 1975. Visiwa vyake ni Ngazija, Nzwani na Mwali. Mji mkuu ni Moroni, nao uko Ngazija. Kisiwa cha nne, Maore, kilibaki chini ya Ufaransa. Lugha ya wenyeji ni ndugu wa Kiswahili. Fedha yao ni faranga.

WAKATI WA KWENDA
Mvua kubwa hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Vimbunga navyo huja miezi hiyo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilileta hasara kubwa. Basi, twende kati ya Mei na Oktoba.

AFYA
Malaria ipo, kwa hiyo tulale ndani ya chandarua. Ngazija haina mito ya kudumu, maana maji ya mvua hupenya upesi kwenye mawe ya volkano. Wenyeji wengi huvuna maji ya mvua na kuyaweka katika matangi. Tuyachemshe kabla ya kunywa. Kabla ya kuondoka, tuulize hospitali habari za chanjo ya homa ya manjano. Kuuliza si ujinga.

HESHIMA
Karibu wenyeji wote ni Waislamu. Tuvae nguo za stara. Mwezi wa Ramadhani tusile hadharani mchana. Mgeni mwenye adabu hukaribishwa kila nyumba, na hapo ndipo raha ya safari.

CHOMBO CHA KUSAFIRIA
Hapa tusimame kidogo. Kutoka Nzwani hadi Maore ni kama kilometa 70. Tangu mwaka 1995 Wakomoro wanatakiwa kuwa na viza kuingia Maore. Wasioipata huvuka kwa siri, usiku, katika mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa. Mashua hizo hujazwa watu kupita kiasi. Watu wengi sana wamezama, pamoja na akina mama na watoto.

Mtu akikuambia, "Panda tu, ni karibu," kataa. Hata kati ya visiwa vingine, tazama kwanza. Je, watu wamezidi? Maboya ya kuokolea yapo? Kama hayapo, shuka. Nauli ikipotea hutafutwa tena. Roho je?

TUANDIKE
Andika namba ya pasipoti, tarehe itakayokwisha, siku ya kurudi na jina la mwenyeji wako. Nakala moja waachie watu wa nyumbani. Zamani tungemwomba mtu atuandikie. Leo tunaandika wenyewe.

MASWALI
1. Kwa nini tusiende Komoro mwezi wa Februari?
2. Kwa nini maji ni shida Ngazija?
3. Utatazama nini kabla ya kupanda chombo?